Picha ya Generosa Ilitoka na Watu Watatu

Alipiga picha ya mtu mmoja. Ikatoka ina watu watatu.

Otmar aliganda pale pale, vidole vimo ndani ya beseni la dawa ya kusafishia picha, taa nyekundu inammulika usoni. Akafumba macho. Akafumbua.

Bado walikuwa watatu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Ilikuwa Geita, mwaka 1953. Otmar alikuwa seremala mgodini, Msumbwa wa Ushirombo, mtu wa maneno machache. Pombe hagusi. Bao hachezi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kamera mbovu.

Mzungu akitupa kamera iliyoliwa na panya, Otmar huyo kaichukua. Anaifungua skrubu moja moja, anasugua kutu kwa petroli na unyoya wa kuku, palipotoboka anaziba kwa ngozi ya mbuzi. Rafu nzima ya chumbani ilijaa. Wenzake wakambandika jina, "Mfufua Maiti". Yeye anacheka tu.

Kusafisha picha alifundishwa na bruda mmoja wa misheni, enzi za ujana wake.

Sasa hii kamera ya leo aliinunua Tinde, kwa mzee Jilala, muuza vitu chakavu. Ya boksi, nyeusi, swichi imegoma kabisa. Lakini ndani ilikuwa na mkanda! Na kwenye kale kadirisha kekundu ka nyuma ilisomeka namba moja.

"Moja? Basi huu haujaguswa," Otmar alijisemea. Mikanda ilikuwa ya shida miaka ile, akaona amelamba asali.

Swichi ilipokubali kulia, tak!, akamwita mkewe Generosa. Akamkalisha kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani.

Generosa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Watoto wake wawili wa kwanza hawakumaliza hata arobaini. Mimba hii ilikuwa inabebwa kama yai.

Na hiyo ndiyo picha iliyokuwa inajitokeza kwenye beseni.

Generosa huyu hapa, kwenye kigoda. Nyuma yake mwanamke mgeni, kitambaa cheupe kichwani, amemwinamia. Na mapajani pa Generosa, pale pale kwenye tumbo, kuna mtoto amekaa.

Mbao za mlango zinaonekana kupitia kifuani mwa huyo mtoto.

Otmar alitaka kuificha. Kosa lake, aliianika ikauke juani. Anasikia tu kelele za Generosa.

"Otmar! Huyu nani? Huyu mtoto wa nani?"

Mama mkwe wake, Salvina, aliyekuja kumtunza bintiye, akainyakua ile picha. Akaitazama. Akajipiga ishara ya msalaba.

"Mkwe," akasema taratibu, "umeleta nini nyumbani kwa mwanangu?"

"Mama, huo ni mkanda tu. Kuna mtu alipiga zamani, halafu hakuusogeza. Mimi nikapiga juu yake. Zimepandana."

"Mtu gani?"

"Simjui, mama."

"Basi hujui kitu. Lichome hilo dude lako la kamera!"

Otmar hakulichoma. Kila alipoliendea, yale macho ya mtoto yalimjia. Akaliweka rafuni, akaligeuzia ukutani.

Ndipo mambo yakaanza.

Mchana kweupe Generosa anapepeta mchele, anasikia chumbani: tak! Anaingia, hakuna mtu. Anatoka: tak!

"Ni springi imelegea," Otmar alimwambia.

Jumapili moja wametoka kanisani, Otmar akaisikia mwenyewe. Tak! Akaingia mbio, akaishika kamera. Springi ilikuwa ngumu kama jiwe.

Hakumwambia mkewe.

Generosa akaacha kula. Usiku halali, mchana anakaa na mikono tumboni kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Siku moja akauliza, "Yule mtoto, ulimwona amekaa wapi? Amekaa mahali pa wangu."

Salvina akachoka. "Namrudisha mwanangu Ushirombo. Na wewe baki na maiti zako."

"Sawa, mama. Twende wote," Otmar akajibu. "Nyie mtashuka Ushirombo. Mimi naendelea hadi Tinde, nikamuulize Jilala aliitoa wapi."

Wakapanda lori la pamba. Wakapita Runzewe, vumbi hadi kwenye meno. Ushirombo lori likasimama, Salvina akashuka na mizigo.

Generosa hakushuka.

"Shuka, mwanangu."

"Sishuki, mama. Kama huyo wa kwenye picha ananitaka mimi, wacha nimfuate kwake. Nimechoka kumngojea."

Salvina alilia, akaomba, akatishia kulaani. Lori likaondoka.

Kesho yake, Tinde, Jilala aliitazama ile picha, akairudisha upesi kama inaunguza.

"Shikamoo nimeitikia, lakini habari hiyo iacheni," akasema. "Kamera niliuziwa na watu wa Samuye. Ilikuwa ya marehemu ndugu yao, Eustace."

"Na huyu mwanamke?"

Jilala akashusha sauti. "Mjane wake. Bernadina. Wanamwita Mama Marcel."

"Alikufa lini?" Generosa akauliza.

"Afe wapi? Yupo. Lakini binti yangu, usiende. Yule mama si mzima. Anawaambia watu mtoto wake yumo ndani ya kamera."

Otmar akairudisha picha mfukoni. Akamgeukia mkewe amwambie warudi.

Generosa alikuwa ameshatangulia barabarani.

Samuye waliikuta nyumba ya Bernadina pembeni kabisa, nyasi zimeota hadi kizingitini. Mwanamke mmoja alikuwa anapukuchua mahindi uani. Kitambaa kichwani. Uso ule ule, ila umezeeka kuliko miaka yake.

"Mwangaluka, mayu," Otmar akamsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibuni."

Otmar akamsogelea. Akampa picha.

Bernadina aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu. Mahindi yakamporomoka mapajani, hakuyaona.

"Mayu wane, mama yangu!" akasema kwa sauti ndogo. "Marcel."

Kisha akalia. Si kilio cha msiba, jamani. Kilio cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Alipotulia ndipo akasimulia. Eustace, mumewe, aliinunua kamera kwa pesa ya kibarua cha mashamba ya mkonge. Siku aliporudi nayo nyumbani alimweka Marcel kwenye kigoda. Mtoto alikuwa bado anayumba, ikabidi mama amwinamie kwa nyuma, amshike mabega. Picha moja tu. Wiki ile ile surua ikamchukua.

Eustace hakuigusa tena kamera. Alipokufa naye, ndugu zake wakabeba kila kitu.

"Niliwapigia magoti. Nikawaambia chukueni ng'ombe, chukueni na mabati, kile kiboksi niachieni. Mtoto wangu yumo ndani. Wakasema nimerukwa na akili."

Akajifuta uso.

"Unajua mwisho nikaanza kuwaamini? Maana sura yake ilinitoka. Nalala najaribu kuikumbuka, haiji. Mama gani anasahau sura ya mwanawe?"



Ndipo akaitazama tena picha. "Na huyu dada aliyempakata ni nani?"

"Ni mimi, dada," Generosa akajibu.

Otmar akaingilia haraka, "Samahani mama. Nilipiga juu yake bila kujua. Ningekuwa na uwezo ningemtoa, ubaki na mwanao peke yake. Lakini wameshashikana, siwezi."

Bernadina akatikisa kichwa.

"Usimtoe. Miaka yote hii nilikuwa nawaza mwanangu yuko peke yake gizani humo. Kumbe alipakatwa."

Generosa aliyatupa mawazo yake yote pale chini. Akapiga magoti kwenye mahindi, wakakumbatiana, wakawalilia watoto watatu, mmoja wa huyu na wawili wa yule.

Jioni ile Generosa alikula ugali mpaka akaomba wa pili.

Alijifungulia Ushirombo, mtoto wa kike, hospitali ya misheni. Bernadina alisafiri hadi huko, na Salvina, yule yule aliyetaka kamera ichomwe, ndiye aliyempisha kwenye benchi akae karibu na mzazi. Arobaini ikaisha. Mwaka ukaisha, ile tak! haikusikika tena. Mtoto anakimbiza kuku.

Otmar aliendelea na kamera zake mbovu, ila tangu hapo hakufungua hata moja kabla ya kuuliza ilikuwa ya nani, na kama ndugu zake wapo.

Ndugu zangu, mambo mengine yanayotubishia hodi na kututisha hayakutumwa na mtu. Yamepotea njia tu, yanatafuta kwao. Kabla hujachoma, uliza. Unachokikimbia wewe, huenda kuna mwenzako anakililia kila siku.