Kilatini cha Barabara ya Bafwasende

Mume wangu Franck ni dereva wa lori la Bafwasende, na kwa miaka mingi binti yetu Lydie alimjua kama mtu anayeleta ndizi. Analiacha lori ng'ambo ya mto, anashuka mtumbwini hapa Lubunga, anatua mkungu, anauliza, "Masomo iko aje?" Mtoto anajibu, "Bien, papa," na mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa nachemka kwa hasira, maana wote wawili walikuwa wanatamani kuongea na hakuna aliyejua aanzie wapi.

Mwaka jana Lydie alikuwa anamaliza sekondari, sehemu ya Kilatini na falsafa. Kitabu chake cha Kilatini, kilichoelezwa kwa Kifaransa, kililiwa na mchwa. Masista wa shule wakampa kingine, sarufi ya Kilatini iliyoelezwa kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe hakijui. Mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni, mtoto akalia.

Franck akakichukua, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla hajanioa aliendesha malori Kampala. Kilatini hajui hata cha kuombea maji, lakini Kiingereza anacho.

"Lete kiti," alimwambia Lydie. "Sikia. Mu Anglais, neno ni kama camion, lori: ya mbele njo inavuta, ya nyuma inavutwa. Ukigeuza, bon, mambo yote inageuka. Mu Latin kila camion inabeba plaque yake ya namba. Uiweke mbele, uiweke nyuma, plaque njo inasema ni nani anavuta."

"Donc mwisho wa neno njo plaque?"

"Voilà!"

Wakacheka. Nilienda jikoni kupanga samaki ambao nilikuwa nimeshawapanga, nisije nikalia mbele yao.

Franck akapiga picha kurasa zote, akaondoka nazo kwenye simu. Kila alipopata mtandao njiani alituma sauti: injini inakohoa, madereva wanagombana, na katikati yao baba anaeleza Kilatini. Lydie alisikiliza huku akitwanga ndizi za chakula cha jioni, lituma. Ikabaki sura moja, na Franck akaahidi kuja kuimaliza nyumbani kabla ya mtihani.

Mvua haijui ahadi za watu. Lori likazama kwenye tope pasipo mtandao, simu ikanyamaza. Lydie akaisoma sura ile peke yake, akibahatisha maneno kwa yale aliyofundishwa, akaenda kwenye mtihani. Alirudi anatabasamu.

"Maman, Latin ilienda muzuri."

Nilifurahi sana, kisha nikamwonea huruma yule aliyekwama porini.

Siku chache baadaye Franck akashuka mtumbwini, tope mpaka magotini, bila ndizi hata moja. Hakunisalimia.

"Lydie iko wapi? Ile chapitre ya mwisho nimeikamata yote! Nilikuwa naisoma chini ya camion. Examen ni kesho, non?"

Tope lilikuwa limemmezea hata tarehe. Nikafungua mdomo nimwambie, Lydie akanikanyaga mguu. Akaleta viti viwili, akafungua kitabu.

"Anza, papa. Ile inanisumbua kabisa."

Franck akafundisha mpaka chakula kikapoa, na Lydie akauliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo ni sadaka kubwa.

"Alors," Franck alisema akifuta jasho, "kesho usiogope."

"Siogopi tena, papa."