Nusu Uso

Walimwita Unyoya, kwa sababu wembe wake ulipita shavuni kama unyoya, na wapo waliosinzia kitini hadi akawaamsha. Miaka thelathini na moja alinyoa watu mbele ya kioo kilekile. Kisha mkono wa kulia ukaanza mambo yake. Kwanza kikombe cha chai kikawa kinagonga kisosi. Mkewe akasema ni uchovu. Halafu vifungo vya shati vikamshinda, mkewe akawa anamfungia, hamtazami usoni.

Zahanati walimpa dawa na karatasi yenye neno moja la Kiingereza lililopigiwa mstari. Akamngoja mteja wake wa Jumamosi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akamwonyesha hata kabla ya kumfunga shuka shingoni.

"*Tremor*," mwalimu akasoma. "Ni kutetemeka kusikoomba ruhusa. Husemwa kwa mkono, kwa sauti, hata kwa ardhi."

"Kwani mimi naogopa nini, Mwalimu?"

"Huogopi kitu. Kutetemeka kwa baridi kuna neno jingine la Kiingereza. Hili linasema tu kwamba mkono unatikisika."

"Na utakoma lini?"

"Hilo neno halisemi, ndugu yangu."

Mwalimu akaegemea, akafumba macho. "Haya, ninyoe."

Shavu la kushoto lilikwenda vizuri. La kulia, mkono ukacheza. Tone la damu likachungulia chini ya sikio. Unyoya akaushika mkono huo kwa ule wa kushoto, akaubana kifuani. Ukazidi. Mwalimu hakufumbua macho, na hilo ndilo lililomuuma Unyoya zaidi.

Akaweka wembe chini, akavuka barabara hadi kwa kinyozi mwenzake. Walikuwa hawajasalimiana miaka minne, tangu wagombanie wateja.

"Nina mtu kitini, nimemnyoa nusu uso," akamwambia. "Njoo unimalizie."

Yule akachukua wembe wake, akavuka naye, akamalizia shavu la kulia. Unyoya alisimama nyuma yao akishika taulo kwa mikono miwili, nalo taulo likipepea.

Siku hizi kinyozi huyo jirani huvuka kila Jumamosi kuja kunyoa. Unyoya hufagia nywele, huwakaribisha wateja, huwauliza hali za watoto. Zahanati wamembadilishia dawa mara mbili. Watu wakimuuliza habari za mkono, hujibu, "Upo," kisha huendelea kufagia.