Pipa la Wapita Njia

Magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme, yalipoanza kuingia Arua, mafundi wengi waliyakimbia. Waliona zile nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti wakasema hiyo ni kazi ya watu wa Kampala. Mimi sikukimbia. Mimi niliyeishia darasa la nne kule Ajia, niliyejifunza injini nikiwa nimelala chini ya malori ya watu, nilinunua moja bovu, nikalifungua lote gerejini kwangu Mvara, nikalifunga tena, likawaka. Leo ukitaja haibridi Arua watakuonyesha lango langu. Si majivuno, nenda uulize.

Haibridi moja nyeupe nililetewa na mama mmoja wa Sudan Kusini, mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa akienda nayo Koboko na kurudi, viti vya nyuma vimejaa marobota.

"Fundi, gari iko natetemeka," aliniambia. "Hapa mjini inaenda sawa. Ikipata kilima, injini inaamka, inatetemeka kama mutu ya malaria."

"Mama, kaa chini. Umeshafika."

Nilitoa nozeli, zile zinazonyunyizia petroli ndani ya injini, nikazikuta zimeziba. Nikazisafisha, nikabadilisha plagi, gari ikatoka gerejini kama imetoka melini. Mama akafurahi. Nikamwambia neno nililowaambia wateja wangu wote: "Ukiwa Koboko usiweke mafuta ovyo. Nenda kwenye kibanda cha ndugu yangu, mwambie ni mimi nimekutuma."

Hapo lazima nieleze. Kule karibu na mpaka, muuza petroli wa kando ya barabara huwa na mapipa mawili. Moja ni la watu wake: jamaa, majirani, waendesha boda wa steji yake. La pili ni la wapita njia, na hilo huongezwa mafuta ya taa. Mteja haambiwi kitu. Kinachokupeleka kwenye pipa la kwanza ni mtu. Unasema fulani amenituma, na kama huyo fulani ana uzito, muuzaji anahamisha mpira wa kuvutia mafuta.

Na mimi kwa yule ndugu yangu muuzaji nilikuwa na uzito. Tulikuwa matanboi, wasaidizi wa dereva, wa lori moja, mimi wa Ajia, yeye mzaliwa wa upande wa Kongo. Tulilala juu ya mizigo tukigawana turubai moja. Alipofiwa na mama yake nilibeba jeneza. Nilipooa, yeye ndiye aliyeongea na wakwe zangu, maana mimi maneno yalinikauka. Kwa hiyo niliposema ndugu yangu, sikuwa natania.

Mama alirudi gari ikiwa na hali ileile. Nikasafisha tena. Akarudi tena, safari hii hakukaa kwenye kiti nilichompa.

Sasa haibridi ina ujanja wake. Kwenye gari ya kawaida unachomoa waya wa nozeli moja moja na kusikiliza. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inalegea. Ukichomoa ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Haibridi haikubali mchezo huo. Injini ikitaka kulegea, mota ya umeme inaishika mkono na kuitembeza, wewe unasikia sauti ya mtu mzima kumbe anabebwa. Wengi wamebadilisha vifaa vizima kwa sababu hiyo. Mimi niliwasha mashine yangu ya kupimia. Kiingereza chake sikijui, ila tarakimu zake nazijua kama sura za wanangu. Silinda zote nne zilikuwa zinakosa kuwaka, leo hii, kesho ile. Nozeli haziwezi kuugua zote kwa zamu. Kinachozifikia zote ni kimoja tu.

Fundi yeyote huanza na mafuta. Mimi sikuanza na mafuta, kwa sababu mafuta yalikuwa ya ndugu yangu.

Nilichomoa bomba la petroli nikamwaga kidogo kiganjani. Petroli safi hukauka ukitazama na kukuachia ubaridi. Hii ilibaki. Nilisugua vidole vikateleza.

"Mama, mafuta unaweka wapi?"

"Kule ulisema."

"Kule tu?"

"Fundi, mimi nasema kila siku, fundi wa Mvara amenituma. Yeye anacheka, anasema karibu sana."

Nilimwambia huenda kijana fulani pale kibandani alikosea pipa. Nilitaka iwe hivyo. Kesho yake tukaenda Koboko wote wawili kwa gari yake, sanduku langu la spana miguuni, tukapita Dadamu. Kila injini ilipoamka gari ilitikisika, na mama alinitazama kwa pembe ya jicho.

Karibu na kibanda nilishuka, nikaingia kwenye duka la chapati lililo ng'ambo ya barabara. Mama akaendelea peke yake. Rafiki yangu alitoka mwenyewe, hakuwa na kijana yeyote. Nilimwona mama akisema neno, nikamwona rafiki yangu akicheka na kuweka mkono kifuani kwa heshima. Halafu akavuta mpira kutoka pipa la nyuma, lile lililofunikwa gunia. Boda wa steji alikuwa akisubiri, huyo akawekewa kutoka la mbele.

Nilivuka barabara.

"Eh, mzee mwenyewe," akasema. "Umekuja bila kupiga simu?"

"Huyu mama amekuambia nani amemtuma?"

Akatazama pipa, akanitazama mimi. Hakujaribu hata kudanganya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Ndugu, batu yako ni wengi. Unatuma huyu, unatuma yule. Nikipa wote ile ya mbele, batu ya hapa watakunywa nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie ili iwe nini? Na wewe uko nalalamika nini? Gari ikiharibika inaenda kwa nani? Inarudi kwako. Mimi niko nakupa kazi, wewe unaleta uso."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha mwenzake mpango wao. Na mama alikuwa amesimama pale pale, mkono juu ya mlango.

"Kumbe," alisema taratibu. "Mnakula sahani moja."

"Mama, hapana. Mimi sikujua."

"Huyu anaharibu, wewe unatengeneza. Mimi niko katikati natembea tu."

Nililala chini ya gari palepale, mbele ya boda wote, nikamwaga tangi lote kwenye jerikeni. Nilidhani akiniona nimejaa vumbi na petroli hadi kwenye viwiko, ataelewa. Boda mmoja akasema, "Leo fundi amepata dawa ya gari, ya rafiki bado." Wenzake wakacheka. Nilipoinuka, rafiki yangu alikuwa ameshaleta mpira wa pipa la mbele.

"Weka hii, mama. Safi kabisa."

"Sitaki."

Nikamwambia betri ina umeme wa kutosha kumfikisha kwenye kituo cha mafuta cha mjini, aende polepole tu, asikanyage sana. Alisikiliza mpaka mwisho, maana gari ilikuwa yake. Kisha akafungua mlango wa upande niliokaa, akatoa sanduku langu la spana, akaliweka chini vizuri, bila kulitupa.

"Asante kwa kazi, fundi. Wewe rudi na rafiki yako."

Amepata fundi mwingine sasa. Naiona ile gari nyeupe sokoni, imetulia, na sijui ni nani anayeishika. Watu wa vitenge wote waliokuwa wakija kwangu wameifuata. Injini zao ningeziponya kwa mkono mmoja.

Siku ile, mama alipoondoka, rafiki yangu alivuta benchi, akalifuta kwa kiwiko cha shati. "Kaa, ndugu. Utakula nini?" Niliinua sanduku nikaanza kutembea kuelekea stendi ya magari ya Arua. Akaniita. Hakuita fundi, wala mzee. Aliniita lile jina la utani la kwenye lori, ambalo hata mke wangu halijui, na duniani hapa hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hilo. Aliita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Nilihamisha sanduku kwenye mkono mwingine nikaendelea kwenda.