Mkono wa Dani Ng'ambo ya Reli

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kawangware, katika ukumbi wa kanisa ambapo mimi huwafunza vijana kuongea mbele ya watu. Msichana mmoja akaniuliza, "Madam, na wewe nani alikufunza kuongea hivi?" Nikajibu bila kupepesa macho: "Mwalimu wangu wa darasa la nane." Wakapiga makofi. Rafiki yangu, nilirudi nyumbani nikala chakula nisijue ladha yake. Ulikuwa uongo, na haikuwa mara yangu ya kwanza kumkana mtu yule yule.

Aliyenifunza ni nyanya yangu, ndiye aliyenilea. Tulimwita Dani, kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu kule ziwani. Alikaanga mgongo wazi pale mtaani Laini Saba, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki minofu ikishaenda kwa wenye nazo. Karai lake lilikuwa hatua chache tu kutoka kwa reli. Jioni mafuta yalichacharika, mafundi wa jua kali waligonga mabati, redio za vibanda zilishindana. Kazi yangu ilikuwa kukatakata vitunguu na kuwafungia wateja samaki kwa gazeti.

Na nilikuwa mwoga, wee! Nikisimamishwa darasani nisome, niliinamia kitabu nikanong'ona, hata dawati la pili lisinisikie. Basi mwalimu aliponichagua nitoe hotuba ya kuwashukuru wazazi siku ya wazazi, eti kwa sababu insha zangu ni nzuri, nilifika kwa karai nikilia. Dani hakunibembeleza. Alininyooshea mwiko.

"Enda simama ng'ambo ya reli, useme. Nikikusikia nitainua mkono. Nisipoinua, unaanza tena."

Nilisimama kule, nikasema. Mkono haukuinuka.

"Kwani unaongea na viatu zako?" alipaza sauti, wateja wakavunjika mbavu. "Inua kichwa! Tafuta mtu wa mwisho kabisa, uongee na yeye. Huyo wa mbele atasikia tu."

Wiki mbili tulifanya hivyo kila jioni. Gari moshi lilipopita katikati yetu nilijaribu kulipigia kelele, naye akanigombeza: usishindane nalo, ngoja lipite, kisha uendelee ulipoachia. Mpaka leo hayo ndiyo ninayowafunza vijana wa Kawangware, na wanayaandika kwenye vitabu wakidhani nimeyasomea. Jioni moja, hatimaye, mkono wa Dani ukapanda na mwiko wake, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Wateja walinishangilia na samaki mdomoni. Sijawahi kupigiwa makofi matamu kama yale.

Siku yenyewe Dani hakuwasha moto. Alijisugua mikono kwa ndimu asubuhi nzima, akavaa rinda lake la kanisani, akajifunga leso mpya. Lakini harufu ya samaki ni ya miaka, haiondoki kwa ndimu moja. Muhula ule wote wanafunzi wenzangu walikuwa wakiniita Mgongo Wazi. Kwenye hema la shule, viti vya mbele vilikaliwa na wazazi wenye suti, wengine wenye ploti zao. Dani akaenda kukaa nyuma kabisa.

Niliongea. Nilimtafuta mtu wa mwisho, naye alikuwa yeye. Nilishukuru wazazi kwa kutulisha, kwa kutuvisha, kwa kuamka mapema. Hema zima likapiga makofi. Mwalimu akasimama, meno yote nje: "Mzazi wa huyu msichana yuko wapi? Hebu tuonyeshe, aje mbele tumsalimie."

Dani alikuwa tayari ameanza kuinuka, akirekebisha leso. Nikasikia wenzangu wakicheka chini chini, "Mgongo Wazi, Mgongo Wazi." Nami nikasema, kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya reli: "Mzazi wangu hakuweza kuja. Yule ni jirani tu, amenisindikiza."

Haya, nimesema. Naona aibu hata kukuambia wewe.

Jioni hiyo alinikaangia kichwa cha mbuta, kile kinono cha wateja wake wakubwa. Jambo lile hakulitaja mpaka tukamzika kule kwetu ziwani. Nami, mwenye mdomo wa kufunza wengine, sikumwomba msamaha hata siku moja. Jumapili hii iliyopita nilienda Laini Saba. Kibanda kilibomolewa zamani, na mahali pa karai pana kijana anauza vifuniko vya simu. Aliniambia "Sasa, mathe," nikanunua kifuniko kimoja nikaondoka. Jumamosi ijayo nitamtafuta yule msichana wa Kawangware nimjibu upya, mbele ya wenzake wote.

Lakini kuna kipande nimekikwepa, na ndicho kinachoniuma zaidi. Baada ya kusema yale, Dani alirudi kukaa taratibu, akanyoosha rinda lake magotini. Kisha akainua mkono, juu kabisa, vile vile alivyoniinulia kule relini.

Mwalimu akamwona. "Ndiyo mama, una swali?"

"Hapana, mwalimu," Dani akasema. "Nimemsikia tu."