Kompyuta ya Modeste Ilivyomtenga na Meshaki

Modeste, mpangaji wa chumba changu cha mbele hapa Rumonge, nilimjua baba yake kabla yeye hajazaliwa. Barnaba huyo alikamua mawese kule Kizuka, mtu wa maneno machache. Mwaka wa sabini na mbili alivuka kwenda Tanzania akikimbia mauaji, na Modeste akazaliwa hukohuko kwenye kambi ya wakimbizi. Aliporudi, baba keshakufa na shamba lina watu wengine. Alishuka kwenye lori na Meshaki, wameshika begi moja, huyu mpini huu, yule mpini ule. Si ndugu wa tumbo. Mama yake Meshaki alifia kambini, na hao wawili wakalala blanketi moja mpaka ndevu zikaota. Ndugu mwingine Modeste hana.

Chumbani mwangu alifungua mahali pa kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Mwaka jana Meshaki, fundi wa simu na kompyuta kule Minago, aliibadilisha ile mashine matumbo yote: sanduku jipya lenye matundu juu, memori zaidi, na kadi ya picha nzito kama tofali. Ikawa inakimbia ajabu. Nami nikaiheshimu. Kwangu redio haikai uchi, televisheni haikai uchi. Nikaifumia kitambaa cheupe chenye pindo, kikaifunika juu na kuteremka mbele na nyuma.

Haikupita wiki, ikaanza kigugumizi. Robo saa ya kwanza safi, halafu wachezaji wanakwama, wanaruka, wanakwama tena.

"Modeste!" alipiga kelele Yonasi, muuza mikeke, mteja asiyekosa. "Kipa wangu iko amesimama! Ameingia kusali?"

Modeste alipunguza ubora wa picha, akafuta mchezo na kuuweka upya, akabadilisha waya wa umeme. Bure. Akamwita Meshaki. Meshaki aliondoa kitambaa changu, akakikunja vizuri asikichafue, akafungua ubavu, akapuliza vumbi, akachomoa memori na kuzirudisha. Wakacheza saa mbili bila kukwama. Alipoondoka niliivisha mashine kitambaa chake. Kesho yake, kigugumizi. Ikawa hivyo mara tatu. Mara ya tatu aliibeba mpaka Minago, ikafanya kazi siku mbili bila kosa. Iliporudi kwetu, ikagoma.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilikuwa nachambua mchele.

"Mbona kwake inapona? Huyo amebadilisha kitu, anataka umwite kila siku."

"Bibi Sheikha, Meshaki hawezi."

Lakini neno lilimwingia. Meshaki alipokuja tena, Modeste alimwuliza wateja wakisikia, "Kadi hii ni ileile niliyonunua?"

Meshaki alicheka, akidhani utani. "Unataka nikuapie?"

"Fungua. Watu waone."

Kicheko kikakatika. Alifungua, akasoma nambari ya kadi kwa sauti, akailinganisha na ya kwenye boksi lake. Sawasawa. Akafuta mikono.

"Nambari haina kasoro. Sasa mwenye kasoro ni nani, Modeste?"

Akachukua bisibisi zake akaenda. Toka siku ile hakupokea simu.

Ijumaa moja wateja waliondoka wamenuna, Modeste akabaki kucheza peke yake, mashine ikikwama. Nilikwenda kunyoosha kitambaa kilichoteleza. Mkono wangu ukagusa lile sanduku, nikauvuta kama nimeshika kikaango. Nikakiondoa. Baada ya dakika chache wachezaji wakaanza kukimbia. Nikakirudisha nipate hakika. Robo saa, wakakwama. Nikakiondoa tena, nikakaa nacho mapajani.

Ningeweza kunyamaza. Kompyuta ingepona na mtu asijue. Mimi sijazoea kukosea mbele ya wapangaji.

"Modeste," nikasema, "ni kitambaa changu. Kinaziba pumzi yake."

Alikirudisha mwenyewe, akafungua mahali panapoonyesha joto, tukatazama nambari zikipanda mpaka tisini na saba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na Meshaki alikuwa akikikunja kila mara."

Jumatatu nilipanda basi dogo mpaka Minago. Meshaki alinipa kiti na soda baridi.

"Sina neno nawe, Bibi. Ulifuma kwa mapenzi. Hukuniambia wewe nifungue mbele ya watu."

"Lakini mimi nilimtia hayo maneno."

"Ulimtia masikioni. Mdomo ni wake."

Nilipomfikishia Modeste maneno hayo, alijibu, "Nitakwenda." Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya kumi. Mashine sasa inakimbia, chumba kinajaa, na Yonasi anauliza, "Fundi wenu iko wapi? Nilitaka nimpongeze." Modeste anajifanya hakusikia.

Jana, Jumamosi, watu wakiwa wanangoja zamu, aliwatoa wote akafunga mlango. Akachukua baiskeli. Alirudi karibu na magharibi, vumbi mpaka magotini.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amenipa maji ya kunywa."

"Alikukaribisha ndani?"

"Hapana, nje." Akaegemeza baiskeli ukutani. "Lakini kikombe alikileta mwenyewe."

Kisha akaniomba pampu. Alisema tairi la nyuma lina upepo kidogo, na Jumamosi ijayo atakwenda tena.