Barua Zisizosema Zilikotoka

Watoto wa darasa la pili walimwita Mwalimu Kumbe, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila alipowasimulia hadithi, ikifika pale mambo yanapogeuka, alinyamaza, akaweka chaki chini, akawatazama kana kwamba amesahau alichotaka kusema, kisha akatamka taratibu, "Kumbe..." Hapo watoto sitini na wawili, waliobanana watatu watatu kwenye kila dawati, walisahau hata kujikuna.

Alikuwa amefundisha miaka ishirini na tisa, yote darasa la pili. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, kila mmoja akijaribu kumpandisha madarasa ya juu, na kila mmoja alijibiwa vilevile: mtoto wa miaka saba ndiye msikilizaji wa kweli. "Mtu mzima ukimwambia fisi alivaa viatu, anacheka, basi," alikuwa akisema. "Mtoto anakuuliza, viatu vya kamba? Na kamba alifungaje?"

Alipofundisha hadithi inavyojengwa, alichora ubaoni nyumba ya vyumba vinne. Chumba cha kwanza aliandika Nani. Cha pili, Wapi. Cha tatu, Kuna Nini. Cha nne, Ikawaje. Watoto walileta hadithi zao, wakaziingiza chumba kwa chumba, na chumba kikibaki kitupu hadithi ilirudishwa kwa mwenyewe akaimalizie. Chumba cha Wapi ndicho walichokisahau zaidi, naye hakuwapa nafasi. "Hadithi isiyo na wapi," aliwaambia, "ni kama mtu anayekuambia njoo kwangu, halafu hasemi anakaa wapi. Huyo hataki ufike."

Nyumbani alikuwa na mjukuu mmoja, aliyezaliwa na binti yake wa pekee. Binti huyo alikuwa fundi wa simu. Alikuwa na meza yake kwenye kibaraza cha duka, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na bisibisi nyembamba kama sindano mkononi. Alikuwa na maneno mengi ya utani na mkono mbaya jikoni. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu hata maji ya chai anaweza kuyaunguza. Waliishi watatu, bibi, mama na mtoto, katika vyumba viwili nyuma ya soko, na hawakuona kwamba wamepungukiwa.

Jumanne moja binti aliamka na maumivu ya tumbo. Mwalimu alikuwa ameshatoka kuwahi shule. Mtoto, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amelala. Binti akamwomba jirani amwangalie mtoto, akaenda hospitali mwenyewe kwa miguu. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu usiku. Walimpasua alasiri hiyohiyo. Mama yake alipofika alimkuta hajitambui, akakaa pembeni ya kitanda akimshika mkono mpaka kesho yake saa sita mchana, pale muuguzi alipomwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kuuachia.

Siku ya mazishi mtoto alibaki kwa jirani. Aliporudishwa nyumbani alizunguka vyumba vyote viwili, akachungulia nyuma ya mlango, kisha akauliza, "Bibi, mama yuko wapi?"

Mwanamke aliyejua hadithi zisizohesabika alishika neno la kwanza lililomjia. "Amesafiri," akasema. "Amekwenda kikazi."

Alidhani ni la siku moja tu, apate kwanza kupumua.

Mdogo wake, fundi seremala ambaye mtoto alimwita Babu Randa kwa sababu ya randa yake isiyotoka mkononi, alimwambia mapema. "Dada, mwambie huyu mtoto. Njia ya mwongo ni fupi."

"Nitamwambia akikua kidogo."

"Atakua kidogo kila siku. Utaanzia siku gani?"

Siku zikawa miezi. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza, kwa kumwonea huruma. Mtoto alipofika miaka mitano akaanza kuuliza maswali yenye meno. Mbona mama hapigi simu, na yeye ni fundi wa simu? Bibi akasema huko aliko mtandao haushiki. Basi mbona haandiki? Ndipo barua ya kwanza ikaja.

Aliiandika mwenyewe, ofisini kwa walimu, wakati wenzake wamekwenda kula. Mbele yake aliweka daftari la wateja la marehemu, akajifunza ule mwandiko ulioinamia kushoto, ile j iliyokuwa na mkia mrefu kupita kiasi. "Mwanangu mpenzi, huku nina kazi nyingi, lakini nakukumbuka kila nikifunga duka." Mtoto alisomewa, akailalia barua usiku huo. Baada ya hapo zikawa zinakuja kila mwezi, na mara mojamoja zilikuja na kitu: utepe wa nywele, penseli za rangi, jozi ya viatu vyekundu. Bibi alimwambia kwamba madereva wa malori huziacha pale sokoni.

Mwanzo aliandika kwa ajili ya mtoto. Lakini kalamu ilivyoendelea aliisikia sauti ya binti yake ikitoka yenyewe, utani uleule, kukatisha maneno kulekule. Kuna mchana alicheka peke yake juu ya jambo alilokuwa ametoka kuliandika, kisha akaenda kwenye pipa la maji nyuma ya ofisi akaosha uso mara tatu kabla kengele haijalia. Mazishini hakutoa chozi. Watu walimsifu kwa ushujaa. Hawakujua kwamba kila mwisho wa mwezi binti yake alikuwa akirudi kwa muda wa ukurasa mmoja, na kwamba hakuwa tayari kumzika mara ya pili.

Mjukuu akafika darasa la pili, darasa la bibi yake. Wakakubaliana: shuleni ni Mwalimu, nyumbani ni Bibi. Mtoto alishika sharti hilo kuliko hata mwenyewe aliyeliweka. Alikaa dawati la tatu, karibu na dirisha, akawa wa kwanza kusoma bila kufuatisha kidole.

Wiki ya sita ya muhula walifika somo la habari na hadithi. Mwalimu alibandika ukutani karatasi mbili za manila, moja ya bluu imeandikwa HABARI, nyingine ya njano HADITHI. "Habari ni jambo lililotokea," akaeleza. "Hadithi ni jambo ambalo mtu amelitunga. Na kutunga si kosa, mradi anayesikiliza ajue kwamba imetungwa." Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akageukia ubao haraka, akaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kazi ya nyumbani ikawa kila mtoto alete maandishi ya kwao, aseme yanakaa upande gani.

Kesho yake darasa lilikuwa soko. Mmoja alileta tiketi ya basi, mwingine ukurasa wa kalenda, mwingine karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Mtoto wa dobi alileta karatasi ya sabuni iliyoandikwa kwamba inaondoa madoa yote, akaibandika kwenye hadithi. Alipoulizwa kwa nini, akasema, "Mama yangu anasema huo ni uongo mtupu." Wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia.

Kisha mjukuu akasimama. Mkononi alikuwa na barua tatu zilizokunjwa nne. Mwalimu alizitambua kabla hazijakunjuliwa.

"Mimi nimeleta barua za mama yangu," mtoto akasema. "Lakini sijui zinakaa wapi, Mwalimu."

"Zirudishe kwenye mkoba," Mwalimu akasema. "Barua za nyumbani ni siri."

"Nimezipitisha kwenye vyumba." Mtoto hakuwa na hasira. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa, na anaifanya vizuri. "Nani yupo. Ni mama. Lakini Wapi hakuna. Zote nimesoma, hakuna hata moja inayosema ni wapi. Hakuna mvua, hakuna nyumba, hakuna mtu mwingine anayeongea naye. Na Kuna Nini, anasema ana kazi tu. Na hii hapa..." Akakunjua ya tatu, akasoma kwa sauti, "'Nilidhani ni panya. Kumbe ni redio ya mteja.'" Akainua macho. "Mwalimu, wewe ulisema asiyetaja wapi hataki ufike. Mama yangu hataki nifike?"

Mwalimu akaweka chaki chini. Alilitoa darasa nje, kengele ikiwa bado. Mtoto akabaki amesimama mbele ya karatasi mbili, gundi kidoleni.

Mwalimu akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemgusa kidevu. "Mama yako anakutaka," akasema. "Angekuwa na njia, angekuja kwa miguu. Mama yako amekufa, mjukuu wangu. Alikufa ulipokuwa na miaka minne. Aliumwa tumbo."

Mtoto alifikiri. "Barua aliandika nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Na viatu?"

"Mimi."

Mtoto akaitazama miguu yake. Alikuwa amevivaa, japo vimeshaanza kumbana. Akainama, akavifungua kifungo kimoja kimoja, akavipanga chini ya dawati. Kisha akauliza swali ambalo Mwalimu angelikumbuka maisha yake yote.

"Alipokwenda hospitali, aliniaga?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa zuri, lenye kila chumba: mama ameinama kitandani, asubuhi, anambusu paji la uso, anamwambia neno moja. Mtoto angelibeba mpaka uzeeni. Mwalimu akalimeza.

"Sijui," akasema. "Sikuwepo. Ulikuwa umelala."

Hapo ndipo mtoto alipolia.

Jumamosi Babu Randa aliwapeleka makaburini. Mtoto alisoma jina la mama yake kwenye ubao ambao babu huyo aliuchonga mwenyewe, akaligusa herufi kwa herufi. Akauliza tarehe. Akauliza nani walikuwepo, na yeye alikuwa wapi. "Kwa jirani," Babu Randa akamwambia. "Ulikuwa unacheza." Mtoto akarudia, "Nilikuwa nacheza," kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa. Mwalimu akanyoosha mkono amshike bega, na bega likasogea.

Tangu siku ile mtoto hakumwita tena Bibi. Jikoni, sebuleni, kisimani, alimwita Mwalimu. Hakuwa na jeuri. Aliagizwa akaenda, aliulizwa akajibu. "Nimeshakula, Mwalimu." "Nimeoga, Mwalimu." Angemtukana, bibi yule angalau angepata la kukemea. Wiki tatu baadaye mtoto alikwenda karakana kwa miguu, akamwuliza Babu Randa kama nyumbani kwake kuna nafasi.

"Dada, siji kukunyang'anya," seremala akasema jioni ile, amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mke wangu ameshamtandikia. Mwache apumzike huko. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini chungu si kimebaki?"

"Mbona hakuniuliza mimi kwanza?"

"Hakukuuliza?"

Akatikisa kichwa. Akaenda kufungasha nguo za mtoto, akazikunja vizuri, sare juu, sweta chini. Barua alizikuta mtungini mwa unga, zote ishirini na sita, zimefungwa kwa utepe. Hakujua kama amefichiwa au amerudishiwa.

Aliendelea kufundisha. Angefanya nini tena? Kila asubuhi mtoto aliingia darasani na sare iliyopigwa pasi na mkono mwingine, akakaa dawati la tatu. Alijibu maswali yote sawasawa. Hadithi zilipofika pale pa kugeuka, watoto walianza kugundua kwamba mwalimu wao halisemi tena lile neno. Anapita moja kwa moja. Mtoto wa dobi alimwuliza kulikoni, akamwambia koo linamsumbua. Kisha akamwita arudi, akamwambia, "Hapana. Koo halisumbui. Sijisikii kulisema tu." Mtoto akaitikia, akaenda kucheza.

Mwaka ukaisha, mjukuu akapanda darasa la tatu, ng'ambo ya uwanja. Zikapita Jumamosi nyingi bila mtu kubisha hodi. Kisha Jumamosi moja Babu Randa akamshusha mtoto kwenye baiskeli mbele ya nyumba, akasema atarudi baada ya saa mbili.

Mtoto alikaa kwenye kiti cha mgeni. Alikuwa ameota meno mapya ya mbele. Alikuwa na daftari.

"Mwalimu," akasema, "nataka habari za mama. Si hadithi. Habari."

"Uliza."

"Alikuwa anapenda kulala upande gani?"

"Ukutani."

"Alijua kupika?"

"Hapana. Tulikula tukinyamaza."

Mtoto akaandika, mkono umeinamia kushoto. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mwalimu aliuona mkia wa j ukishuka mpaka mstari wa pili, akatazama pembeni.

"Alikuwa anaimba?"

"Akifanya kazi, ndiyo."

"Nyimbo gani?"

Mwalimu alijaribu. Alifumba macho, akaiona meza, kibaraza, bisibisi, midomo inayotikisika. Sauti haikuja. Miaka miwili yote alikuwa akiisikia kila mwezi alipoandika, na sasa, alipoitafuta ile ya kweli, hakuweza tena kujua ipi ilikuwa ya binti yake na ipi aliitunga yeye.

"Sijui," akasema. "Nimezisahau. Nisamehe."

Mtoto alimtazama, akimpima. Kisha akaandika neno moja, "Hajui", akafunika kalamu.

"Jumamosi ijayo nitauliza mengine," akasema, akaenda kusimama mlangoni kungoja baiskeli, ingawa ilikuwa imebaki zaidi ya saa nzima.