Mashini Iliyobuniwa Kanisani

Barnabé Numbi alikuwa fundi wa pompi katika ateliye, karakana ya kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi. Mtu wa sala, mtu wa upole, na mtu wa kufunga macho wakati wa mahubiri. Sisi tuliokaa naye benchi moja kanisani, kule mtaa wa Manika, tulidhani ni usingizi. Bibi yake wa ndoa, Fidélie, alimgusa na kiwiko kila Siku ya Mungu, naye akasema "Amina" pasipo mahali pake.

Kumbe alikuwa anawaza. Mama yake, mkulima wa Kasaji, alipukuchua mahindi kwa mikono mpaka vidole vikavimba. Basi Barnabé akamtengenezea mashini: debe lililotobolewa misumari, ndani mti wenye meno, na pedali ya baiskeli ya kuuzungusha. Alitaka kuipeleka wakati wa likizo, awafundishe na majirani wa mama kutengeneza zao.

Mwaka wa 1972 majina ya Kizungu yakakatazwa, na kampuni ikataka kila mfanyakazi atie mkono tena kwenye kontra, mkataba wake wa kazi, kwa jina jipya. Ile ya kwanza Barnabé hakuisoma kabisa. Safari hii Fidélie akamzuia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Soma kwanza, Tata Bilonda. Unasomaka hata karatasi ya sabuni, na hii unataka kutia tu mukono?"

Akasoma. Kifungu cha saba kilisema kila kitu atakachobuni mfanyakazi, kazini ao kwingine, ni mali ya kampuni. Maana yake, mashini ya mama ingekuwa ya kampuni, na kuwafundisha watu wa Kasaji ingekuwa kosa.

Akaenda kwenye biro, ofisi ya Citoyen Mwenze, mkubwa wa wafanyakazi. Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitana siku zile.

"Citoyen, ile mupira nilikata ya kuzuia maji ku pompi, ni yenu. Niliiwaza hapa, na mupira ni ya kampuni. Lakini mashini ya mahindi, hapana."

"Kichwa yako ni moja tu, Numbi. Nitajua namna gani iliwaza hii kitu wapi?"

"Iliwaza ku kanisa."

Mwenze akaweka kalamu chini. "Uko na shahidi?"

Shahidi alikuwepo, karatasi ya nyimbo yenye tarehe ya Siku ya Mungu, na mgongoni mwake mchoro wa debe, meno na pedali. Lakini Mwenze alitaka na neno la mchungaji. Barnabé akampelekea Pasta Mbuyi karatasi.

"Hii ulichora wakati gani?"

"Wakati ulikuwa unahubiri habari ya Yona, Pasta."

"Ile siku nilihubiri Zakayo."

Pasta, mtu wa Mungu, akachukua kalamu, akaandika kwamba Numbi alikuwa kanisani siku hiyo tangu saa tatu mpaka saa sita, na kwamba, kwa masikitiko ya mchungaji wake, hakusikiliza hata neno moja.

Mwenze aliposoma alicheka mpaka akavua miwani. Akapanda na kontra kwa mkubwa wake, akarudi na muhuri. Maneno "ao kwingine" yalikuwa yamekatwa, na chini imeandikwa kwamba vitu vilivyobuniwa nje ya kazi, bila vifaa vya kampuni, ni vya mfanyakazi. Numbi akasoma tena, polepole, akaomba nakala, ndipo akatia mkono.

Mwezi wa tano mashini ikapanda treni kwenda Kasaji. Mama alikaa kwenye kiti kidogo, akakanyaga pedali, na punje zikajaa kikapu. Majirani watatu wakatengeneza zao. Mmoja, Mama Laurentine, akayapinda meno kidogo, na yake ikashinda ya Barnabé kwa mwendo.

Barnabé akaizunguka mara mbili, akaipima kwa vidole. Kisha akamuuliza yule mama, kwa adabu yote, kama anaweza kumruhusu aige.

"Nitawaza kwanza," Mama Laurentine akajibu.